Mtani, nafasi yako imechukuliwa

Miyuji, Dodoma

Ndugu yangu Msukuma,

Siku ile kwenye simu tulilia tu, hatukuongea. Nakuandikia kwa sababu mambo ya Jumamosi hayasimuliki kwa vocha ya dakika kumi.

Profesa, mwalimu wetu, tumemzika hapa hapa Dodoma. Ndugu zake walikuja kutoka Songea na nia ya kumsafirisha, Mama, mjane wake, akawakatalia. Alisema mzee mwenyewe alishatamka: amekula mlenda wa Wagogo miaka mingi, udongo wao unamdai. Mimi Mgogo nikainamisha kichwa, nisijue kama nacheka au nini.

Sasa sikia. Jeneza limefika kaburini, kwaya inaimba, kumbe mle ndani kuna mzee kalala chali, shuka hadi kifuani. Msukuma mwenzako! "Huyu Mngoni mtumwa wangu, kafa na deni, hazikwi!" Padri alifunga kitabu akangoja kwa utulivu, nadhani naye kwao ana watani. Wakamtupia elfu tano. Akaikunja, akairudisha juu. "Mngoni mzima kwa bei ya kuku?" Wakapanda mpaka elfu thelathini ndipo akakubali kuvutwa mkono.

Mara akatokea yule mama wa karanga wa pale kona, amevaa koti la Profesa na miwani yake, mikono nyuma, bega moja chini kama alivyotembea. Akawa anapita kwa waombolezaji mmoja mmoja: "Umeona nini? Sijakuuliza unafikiri nini. Umeona nini?" Alipofika kwangu nikacheka kwa sauti, halafu magoti yakaisha nguvu. Wakanikalisha kwenye turubai.

Unakumbuka Kolo? Barabara ya Kondoa bado vumbi tupu, sisi na madaftari yetu, tumejiandaa kuhesabu twiga na pofu waliochorwa kwa rangi nyekundu kwenye miamba. Tukapanda kile kilima cha Mungomi, tukakuta wazee wa Kirangi wamekuja kuomba mvua. Wewe ukachomoa kalamu. Profesa alivua kofia, akaketi chini, akakutazama tu mpaka ukairudisha mfukoni. Saa nzima tumekaa pale mbu wakitula. Wakati wa kushuka ukamuuliza michoro ina miaka mingapi, naye akakujibu kwamba UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, lakini wale wazee hawakungoja barua ya UNESCO.

Na lile somo la utani! Alisema Radcliffe-Brown, yule mwanaanthropolojia Mwingereza, aliandika mwaka 1940 kwamba utani unaunganisha urafiki na ugomvi ili watu wasiumane kweli. Akafunga kitabu. Kisha akakusimamisha mbele ya darasa zima: "Mwangaluka, mla michembe," huku akikichapia Kisukuma makusudi, akakuamuru umtukane bila kumvunjia heshima. Ulishindwa, ukasema "shikamoo". Darasa zima chali. Akaandika ubaoni: *amefeli uwandani*.

Nilikuwa nadhani ananionyesha jinsi ya kuwatazama watu. Jumamosi, pale kwenye turubai, nilijikuta kichwani naandika: nani kasimama wapi, nani kaanza kucheka, fedha kapokea nani. Nikaona aibu. Halafu nikaona kofia yake ya Kolo juu ya jeneza, nikaacha kuandika.

Kofia ninayo mimi kwa sasa. Mama amenipa niitunze, amesema ni yako, ila mtani aliyekosa maziko ana faini: jogoo, na asiwe wa kisasa. Amesema pia ukija hodi isiwe ya kinyonge, uingie unadai. Basi la Mwanza likikushusha Nanenane nipigie hata kama ni usiku, nitakuja na pikipiki. Jogoo umfunge miguu vizuri.

Wako,
Mgogo