Risala ya Walimu na Wazazi wa Shule ya Nasari ya Kambini kwa Afande Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali ya Darasa la Topu

Afande Mgeni Rasmi,
Maafande wote mlioketi meza kuu,
Shehe na Padre wetu wa kambi,
Mama Mwenyekiti wa kamati ya wazazi,
Akina mama, akina baba, na ninyi wanetu mnaoondoka leo,

Karibu sana, Afande. Viti unavyoviona vya buluu tumeazima msikitini, vyeupe ni vya kanisa, na hicho ulichokalia kimetoka nyumbani kwa mwalimu wa Mido, ndiyo maana kina kitambaa.

Historia ya shule hii ni fupi. Ilianza chini ya mwembe, leo ina madarasa matatu, yaani Bebi, Mido na Topu, na walimu wanne. Elimu ya msingi kwa wote, ambayo nchi yetu ya Uganda iliianza mwaka 1997, humpokea mtoto kuanzia darasa la kwanza. Huku chini mzigo ni wa wazazi wenyewe, na wazazi wa hapa wameubeba. Tunawashukuru.

Afande, risala nyingi huomba mabati. Nasi tutaomba, ila mwishoni na kwa sentensi moja. Kwanza tuna neno juu ya jambo lisiloandikwa kwenye daftari la mahudhurio.

Kulikuwa na kijana mmoja hapa Topu, jina tunaliacha. Alikuwa mtoto mcheshi, fundi wa kuimba. Muhula wa pili akageuka. Akawa anauma wenzake, anapasua daftari, na kitandani akaanza tena kukojoa baada ya zaidi ya mwaka mzima wa kuamka mkavu. Sisi walimu tulimwona mtundu. Sheria ya watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni, kwa hiyo hatukumchapa. Tulimpigisha magoti juani. Tunakiri mbele yako kwamba hapo hatukuwa mbali sana na kiboko.

Siku moja alikuwa anamsaidia mwalimu kuchambua maharage ya chakula cha mchana. Anatoa mawe, anatoa mawe, mara akasema bila kuinua kichwa: "Baba alienda kwa sababu mimi nilivunja redio."

Baba yake alikuwa ameondoka kwenda Somalia. Gari lilimchukua saa tisa usiku, mtoto amelala. Asubuhi mtoto alikuta buti hazipo mlangoni. Alipouliza akaambiwa baba ameenda dukani, atarudi na mandazi. Akakaa kizingitini akingoja mandazi mpaka giza likaingia. Nyumbani hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo, basi akajitafutia sababu mwenyewe, na sababu aliyoipata ilikuwa redio.

Mtoto wa miaka minne au mitano ndivyo akili yake inavyofanya kazi. Anadhani yeye ndiye chanzo cha mambo yanayotokea karibu naye. Ukimwambia "mwaka mmoja" umemwambia neno tupu, maana hata "kesho kutwa" bado inamsumbua. Huzuni yake pia haina maneno, kwa hiyo inatokea kwenye meno, kwenye ngumi na kwenye godoro. Na hapa kambini tuna msemo kwamba mtoto wa askari halii. Analia, Afande. Tukimzuia kulia, anauma.

Wanajeshi wetu wamekuwa wakienda Somalia tangu mwaka 2007. Kwanza baba anakwenda kambi ya Singo kwa mafunzo, kisha Entebbe, kisha ndege. Kwa mtu mzima hiyo ni safari yenye hatua zake. Kwa mtoto ni siku moja tu ambayo buti hazikuwepo.

Mwaka 1954, Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, akiwa bado uhamishoni Uingereza, mtaalamu wa saikolojia aitwaye Mary Ainsworth alifika Kampala. Alitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili, akiwatazama mama na watoto wao wachanga. Alikusudia kuchunguza desturi ya zamani ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake anapoachishwa ziwa, akakuta desturi hiyo imefifia. Kilichomvutia kikawa kingine. Mtoto anatambaa mbali na mama, anageuka kuhakikisha mama yupo, ndipo anaendelea. Kwa lugha yetu ya hapa, mama ni kambi, na mtoto hutoka doria kwa kuwa anajua kambi ipo. Akaona tena kwamba mama aliyeweza kueleza mambo madogo madogo ya mtoto wake, mwanawe mara nyingi alikuwa ametulia. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1967 na inafundishwa vyuoni duniani kote. Ajabu ni kwamba sisi ambao nyumba zetu ndizo zilizotazamwa hatuisikii sana.

Kwa hiyo baba akiwa Mogadishu, kambi ya mtoto ni mama. Na mama huyo anasikia habari mbaya redioni, simu imekatika, mshahara umechelewa, jirani analeta umbeya. Mtoto hasomi habari, anasoma uso wa mama. Tumeona darasani kwamba watoto wenye bibi, shangazi au jirani wa kumpokea mama mzigo hata kwa saa mbili hucheza vizuri zaidi kuliko wenzao. Si wote, maana wapo watoto waliozaliwa wazito wa kuzoea watu hata nyumba ikiwa na amani tele, na hao hatuwasukumi.

Kurudi nako kuna shida yake. Baba anashuka na begi na zawadi, mtoto anajificha nyuma ya gauni la mama na kumwita "mjomba". Akina baba wengine huona wamevunjiwa heshima, na usiku ule mama anaulizwa alikuwa anamfundisha mtoto nini. Tunawaomba maafande wetu mchuchumae. Kaeni chini kwenye mkeka, muacheni aje mwenyewe. Huchukua siku, wakati mwingine wiki.

Baada ya habari ya redio tulibadilika kidogo. Kila mtoto ambaye mzazi wake amesafiri ana chupa yenye maharage, na kila Jumatatu anatoa punje moja, hivyo anaona mwaka ukipungua kwa macho yake. Tunaomba pia akina baba watume sauti kwa WhatsApp. Hawatumi hotuba. Mmoja alimwelezea binti yake jinsi alivyounguza ugali, na binti huyo ametusikilizisha mara nyingi hata sisi tunaujua ugali huo. Yule kijana naye baba yake alimwambia kwa simu kwamba redio ilikuwa mbovu tangu zamani. Leo yumo katika wahitimu, na ndiye atakayeongoza wimbo.

Afande Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Kundi linapoondoka, na pale usalama unaporuhusu, watoto wapewe hata nusu saa jioni ya kuagana na wazazi wao kwa macho makavu au mabichi, wakiwa wameamka. Pili, tupatiwe mama mlezi mmoja aliyefundishwa kusikiliza watoto, maana walimu wanne hatutoshi. Tatu, darasa la Bebi linavuja, tunaomba mabati.

Chupa za maharage ziko pale dirishani, upande wa kushoto. Tunakuomba ukimaliza chakula uzipitie, kila moja ina jina la mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.