Kriketi: Rawalpindi 2021, Nairobi 2003

Mhariri,

Timu ya kriketi ya New Zealand ilifungasha virago Rawalpindi, Pakistan, Ijumaa, Septemba 17, 2021, siku yenyewe ya mechi ya kwanza na wenyeji, ikitaja tishio la usalama. Siku tatu baadaye Uingereza nao wakafuta ziara yao ya Pakistan, ya wanaume na ya wanawake.

Sisi wa Nairobi tunaujua mchezo huu wa kugomea ziara. Kombe la Dunia la 2003, New Zealand hao hao walikataa kuja kucheza na Kenya kwa hofu hiyo hiyo ya usalama. Tukapewa pointi za bure. Siku tatu tu zikapita, Sri Lanka wakaja bila maneno mengi, na pale uwanja wa Gymkhana mrushaji wetu Collins Obuya akawatoa wapigaji wao watano huku akiruhusu mikimbio 24 tu.

Sidharau hofu, mwaka 2009 basi la timu ya Sri Lanka lilimiminiwa risasi Lahore, Pakistan. Lakini Uingereza walitaja pia uchovu wa wachezaji. Uchovu! Pakistan walikwenda kwao mwaka 2020 korona ikiwa imepamba moto, wakafungiwa hotelini na viwanjani bila watazamaji. Hilo ndilo deni walilolikwepa.

Msomaji wako,
Parklands, Nairobi