Mhariri, darubini ya Webb haiizunguki dunia

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu ujana na sijawahi kukuandikia, hata pale mlipoihamishia Tukuyu Mkoa wa Iringa. Safari hii nimeshindwa. Nazungumzia ile habari yenu ya darubini ya James Webb, kwamba inaizunguka dunia kama setilaiti ya televisheni na kwamba imepiga picha siku ya kwanza ya uumbaji.

Inayoizunguka dunia ni Hubble, darubini nyingine ya angani. Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, inalizunguka jua sambamba nasi, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Mwanga wa galaksi za kale, yaani makundi makubwa ya nyota, umesafiri zaidi ya miaka bilioni 13, na kwa kuwa ulimwengu unatanuka, umevutwa njiani hadi ukawa infraredi, miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Darubini yenye joto haiuoni mwanga huo, kwani nayo inatoa miale ya aina hiyo hiyo. Ndiyo maana Webb ikawekewa pazia la tabaka 5, kubwa kama uwanja wa tenisi, na kioo chake cha mita 6.5 kikakaa kivulini kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 220 chini ya sifuri. (Na watu wa Makete wanajisifu kwa baridi yao!) Hiyo siku ya kwanza mmeitoa wapi? Galaksi za mbali kabisa ilizoziona ni za mamia ya mamilioni ya miaka baada ya mwanzo wa ulimwengu. Wenzetu wametumia dola kama bilioni 10, nyie mmeshindwa kutumia bando la shilingi elfu moja.

Sasa sikia mlichonifanyia. Mjukuu wangu wa kidato cha pili aliandika kwenye jaribio kwamba Webb iko kilomita milioni 1.5, akapigiwa kosa. Nikaenda shuleni. Mwalimu, kijana mpole tu, akafungua droo akatoa kipande cha gazeti lako kilichokunjwa mara nne, mstari umepigiwa kalamu nyekundu. "Mzee, shikamoo, lakini gazeti limeandika." Mimi niliyekula chaki mpaka nikastaafu, naambiwa gazeti limeandika! Nikamchorea jua, dunia na hiyo darubini nyuma ya daftari la mahudhurio, akaitikia kila kitu kwa heshima, na kosa likabaki kosa. Natoka nje nachungulia maabara: magunia ya mahindi, viti vilivyovunjika miguu, na boksi la lenzi ambalo hata nailoni yake haijachanwa. Watoto hawa hawa hupandishwa kosta hadi Mbozi kukitazama kimondo, wakapiga picha, wakala mihogo wakarudi, na hakuna aliyewaambia kwamba kile ni chuma chenye nikeli, wala kwamba kinakadiriwa kuwa na tani 16. Wanadhani ni jiwe la mizimu.

Pendekezo langu ni dogo. Habari yoyote ya anga, kabla haijaenda mtamboni, apewe mtoto wa kidato cha pili aisome, alipwe nauli ya bajaji na chipsi mayai. Marekebisho yatoke ukurasa ule ule, kwa herufi kubwa zile zile, siyo chini ya matangazo ya viwanja. Nakala ya mwalimu nitainunua mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya