Barua kwa Mwanangu: Jina la Pili Kutoka Juu

Mwanangu Zuhura,

Sisi huku hatujambo, mvua imeshaanza. Juzi kijana wa jirani kanionyesha kwenye simu ile karatasi mliyompelekea mkuu wa chuo. Jina lako la pili kutoka juu. La pili! Lingekuwa la arobaini ningelala.

Mlichoandika sikikatai. Ninachouliza ni kimoja: hao mliotia nao sahihi, unawajua? Wakianza kuitwa ofisini mmoja mmoja, nani atabaki?

Usidhani nabahatisha. Daftari lako la historia uliloliacha juu ya kabati nimelisoma lote, na mwandiko wako bado mbaya. Nimefika pale kwenye mkutano wa haki za wanawake wa Seneca Falls, jimbo la New York, Julai 1848. Watu kama 300 kanisani, siku mbili. Wakachukua maneno ya Tangazo la Uhuru la Marekani, wakayapachika wanawake: wanaume na wanawake wote wameumbwa sawa. Waliotia sahihi 100, wanawake 68 na wanaume 32. Magazeti yakawacheka, na baadhi yao wakarudi kuondoa majina. Hapo wewe umepiga mstari ukapita. Mimi ndipo nilipokwama.

Na walioitisha mkutano, kudharauliwa hakukuwa jambo geni kwao. Lucretia Mott na Elizabeth Cady Stanton walijuana London mwaka 1840, kwenye mkutano wa kupinga utumwa, ambako wajumbe wanawake waliwekwa pembeni wasikilize tu. Waliowaweka pembeni ni hao hao waliokuwa wakimlilia mtumwa! Hata Seneca Falls, dai la wanawake kupiga kura lilipita kwa taabu, mpaka Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa, akasimama kulitetea. Ukimpata mtu wa namna hiyo hapo chuoni, usimwachie.

Yule binti mshona glavu, Charlotte Woodward, hakuondoa lake. Haki ya kura ilipoandikwa kwenye katiba yao mwaka 1920 alikuwa bado hai, bibi kizee, na siku ya kupiga kura akawa mgonjwa. Miaka 72, Zuhura. Wewe una mtihani mwezi ujao.

Ya shangazi yako na shamba la Muheza unayajua, siyarudii. Ila siku ya Idi uliniuliza nikajifanya sijasikia. Ndiyo, kikaoni nilikuwepo, na karatasi ilipozunguka kalamu ilinifikia. Ilikuwa usiku, kila mtu kachoka. Basi.

Nimeona wengine wameandika herufi mbili tu, wewe umeandika jina zima hadi la babu yako. Kijana wa jirani nilimwambia, huyo wangu. Lakini wangapi watabaki? Niandikie majina, nataka kuyaona.

Machungwa walanguzi wameyachukua kwa bei ya kutupa. Mama yako anauliza kama ule mtungi mdogo wa gesi tuutumie au unaurudia. Shangazi yako anakuja Jumamosi, mama yako anataka kumchinjia yule jogoo mwekundu. Nimesema sawa. Nimemwambia pia aje na zile karatasi zake za shamba, kama bado anazo.

Baba yako