Mpwa wangu anataka uhakimu, dada yangu anataka shamba lake lirudi

Mhariri, salaam aleikum.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Ngamiani, Tanga. Kazi yetu inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017: tunaelimisha, tunapatanisha, tunamsaidia mtu kuandika barua yake na kumwelekeza pa kwenda. Kusimama mahakamani kumsemea haturuhusiwi. Namsindikiza mama wa watu hadi mlangoni, kisha nakaa kwenye benchi la nje nikiomba hakimu aliyemo ndani awe mtu wa kusikiliza.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Amechukua shahada ya sheria na kumaliza mafunzo ya uanasheria kwa vitendo Dar es Salaam. Alipokuwa bado chuoni, likizo moja alikuja kushinda nami ofisini. Siku hiyo alikuwapo mjane kutoka Pongwe. Shemeji yake ndiye aliyeteuliwa msimamizi wa mirathi, mwaka ulikuwa unakaribia kwisha, na mama yule hajaiona hata shilingi ya kodi ya nyumba aliyoijenga na marehemu. Nilikwisha kuwaandikia ndugu barua mbili waje tusuluhishe, hawakuja. Binti akazipanga karatasi mezani, akasoma moja moja, akauliza: "Mjomba, orodha ya mali iko wapi?"

Haikuwapo. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni ya marehemu ndani ya miezi minne. Mimi nilishughulika na ugomvi wa ndugu, hilo likanipita. Binti akamsaidia mama kuandika ombi kwa Kiswahili kilichonyooka, shemeji akaitwa, akatakiwa aeleze. Mama alipoleta habari hizo, mpwa wangu alinyamaza kitambo, kisha akasema anataka uhakimu, tena aanzie Mahakama ya Mwanzo.

Nilimchochea kwa moyo wangu wote. Nilimwambia mirathi na ndoa za watu wetu zinaanzia pale, na kwamba tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo anayekiandika kama yeye ana kazi kubwa ya kufanya.

Sasa ofisi moja ya mawakili Dar imempa kazi, kwa mshahara mzuri, na inataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Uhakimu ameuomba kwa Tume ya Utumishi wa Mahakama, bado hajaitwa kwenye usaili. Mkopo wa Bodi ya Mikopo, aliosomea chuo, utakatwa asilimia 15 ya mshahara wake popote atakapoajiriwa, lakini kinachobaki baada ya makato ndicho kinachotofautiana sana. Na dada yangu aliuza shamba lake la michungwa, Muheza, ili binti amalize mafunzo ya vitendo. Nilipoanza kumweleza habari za uhakimu alinikata: "Mdogo wangu, wewe hukuuza hata mti mmoja."

Sina jibu la neno hilo. Ni kweli tupu.

Binti anasema nimwambie mimi, atafuata. Nikimshauri aende Dar kwanza, miaka miwili mitatu, naogopa, maana vijana niliowaona wakiondoka kwa ahadi hiyo hawajarudi. Nikimshauri asubiri usaili, nasubirisha watu wasio wanangu, kwa kitu ambacho huenda asikipate. Nimefikiria kubeba ada ya mdogo wake aliye chuo cha uuguzi mpaka amalize. Nimepiga hesabu, nikibana nitaweza. Dada sijamwambia, nahofia ataona namnunua mtoto wake.

Naomba hasa mahakimu na mawakili wa serikali mnaosoma barua hii mniambie: miaka ile ya mwanzo, mkiwa mmepangiwa mbali na kwenu na nyumbani wanawatazama ninyi, mliishi vipi? Kuna aliyetoka ofisi binafsi akaingia utumishi wa umma, na alichelewa kiasi gani? Na nyinyi wazazi, hilo la ada nimwambie dada kabla binti hajaamua, au baada?

Wasalaam,
Mjomba, Ngamiani, Tanga