Chumba cha Akina Mama: Wito wa Harambee, Masasi

Bwana Yesu asifiwe, wana Masasi mlioko nyumbani na mlioko mbali.

Kila Alhamisi jioni kikundi chetu cha akina mama hukaa chini ya mwembe wa kanisa. Tukishasali, mmoja hutoa lililomkaa moyoni: mimba iliyoharibika na hakuna aliyempa pole, ndoa ya kipigo, aibu ya kuachwa. Lakini mwembe uko kando ya njia. Akipita mtu, hata mtoto aliyetumwa chumvi, mama hunyamaza, na wengine hawalirudii tena neno lile. Ndiyo maana tunaomba chumba chenye mlango unaofungwa.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika hapa na watu waliokombolewa utumwani, wanawake kwa wanaume, kutoka Zanzibar. Walikuwa wakielekea Ziwa Nyasa, wakaishia kujenga Masasi. Minyororo ilikwisha kukatwa, ila uchungu wa kunyang'anywa mama, watoto na kwao haukatwi kwa nyundo. Naamini wengi walikufa nao kimya, na kimya hicho bado kimo majumbani mwetu.

Unyagoni makungwi walitufunda kumtunza mume, mtoto na mgeni, nasi tunawashukuru. Baadhi yao wamekubali kukaa nasi ili sasa tujifunze kujitazama wenyewe: mimi ni nani kabla ya kuitwa mama fulani, nalilia nini, nataka nini kwa Mungu wangu. Anayepigwa tutamsindikiza dawati la jinsia polisi. Anayezidiwa na huzuni tutampeleka hospitali, maana sala haimzuii mtu kumwona daktari.

Akina baba, hatujengi mahali pa kuwasengenya. Mama aliyepona hulea nyumba iliyopona, na mmeshaliona hilo kwa baadhi yetu.

Matofali tumefyatua wenyewe, na vijana wa kwaya wamechimba msingi. Tumebakiza saruji mifuko 45, mabati 30, mbao za kenchi na mlango. Harambee ni Jumapili ya kwanza ya Novemba baada ya ibada, malipo ya minada ya korosho yakiwa yameanza kuingia. Asiye na fedha alete kuku au makopa, tutavinadi palepale. Michango ipelekwe kwa mweka hazina wa kikundi, kanisani. Risiti itatolewa hata kwa shilingi 500.