Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi cha shamba

Wanangu,

Salamu. Nimesikia mmemkataa yule kijana wa mkono mmoja, eti plau haishikiki kwa mkono mmoja. Sikuja kugombana. Nisikilizeni tu.

Joseph Trumpeldor, Myahudi wa Urusi aliyesomea utabibu wa meno, alipoteza mkono wa kushoto vitani Port Arthur, Urusi ikipigana na Japani, mwaka 1904. Kidonda kupona, akaomba arudishwe vitani, akarudishwa. Miaka michache baadaye akahamia Palestina, enzi za Waturuki, akalima Migdal, kisha Degania, shamba la ushirika la Wayahudi ukingoni mwa Ziwa la Galilaya. (Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe Palestina, ndio ambao Waingereza waliwapendekezea Uasin Gishu mwaka 1903, wakaikataa. Na Waarabu waliokuwa wakiishi Palestina wana yao ya kusema juu ya ardhi ile; siwafichi.)

Fungeni mkono wa kushoto kiunoni kwa leso, mshike plau. Hatamu mtaziweka wapi? Mimi nimejaribu. Siku ya kwanza mfereji ulipinda kama nyoka na ng'ombe wakanicheka. Siku ya tatu hatamu nilizizungusha shingoni, mfereji ukanyooka. Hakuna aliyenifundisha, mkono wenyewe ulitafuta njia.

Degania hiyohiyo ina kisa kingine. Rachel Bluwstein alifika Palestina mwaka 1909, binti wa miaka 19, akaupenda udongo. Vita Kuu vya Kwanza vikamkuta masomoni Ufaransa, akaenda Urusi, akatunza watoto wa wakimbizi, akaugua kifua kikuu. Mwaka 1919 akarudi, akapokelewa Degania. Ugonjwa ulipojulikana, wenzake wakamtaka aondoke. Hofu yao naielewa, dawa haikuwepo na watoto walikuwepo. Lakini alitoka peke yake, akahangaika Yerusalemu na Tel Aviv, akiandika mashairi ambayo leo yanaimbwa. Alikufa mwaka 1931, wakamrudisha kumzika kando ya ziwa lilelile. Sasa uso wake uko kwenye noti ya shekeli 20 ya Israeli.

Degania walikuwa na kisingizio. Ninyi je? Mkono uliokatika hauambukizi.

Tena msimpe daftari la mahudhurio kwa huruma, wala birika la chai. Mpimieni ngwe sawa na zenu, na mazao yake yapimwe kwa debe lilelile.

Jumamosi nitafika alfajiri. Ng'ombe wakishafungwa nira, mwacheni aanze yeye.

Mzee wenu